Barua kwa Mwanangu: Usiusakafie Uwanja Wote

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na salamu zako zimefika kwa kila mmoja. Sisi huku Tanga ni wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza jambo ambalo niliona halifai kujibiwa kwa simu. Unasema kwamba mmekwisha kuhamia nyumba yenu hapo Dar es Salaam, mmebakiwa na uwanja mdogo nyuma ya jiko, na fundi anashauri usakafiwe wote kwa saruji ili pasiwe na tope. Mkwe wangu naye anaona heri iwe hivyo, kwa kuwa mchicha unapitishwa mlangoni kila asubuhi kwa bei nafuu, na maua hayaliwi. Kisha ukaniuliza mimi mwenyewe: napata raha gani bustanini hata niamke alfajiri kuihangaikia, katika umri ambao ningepaswa kupumzika?

Nianze na hoja ya bei, kwa sababu ni ya haki. Anayelima mboga nyumbani kwa ajili ya kuokoa fedha peke yake huenda akavunjika moyo mapema, maana ukijumlisha maji, mbegu, samadi na muda wako, fungu la mchicha la sokoni halionekani ghali. Lakini tazama linavyofika mlangoni kwako. Limeng'olewa tangu jana, limekaa juani, limenyunyiziwa maji mara kadhaa ili lisinyauke, na vitamini C iliyomo inazidi kupungua kila saa inayopita. Wangu naung'oa nikiwa tayari nimekuna nazi. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huzichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja, nikazitawanya juu ya tuta na kuzifunika kwa udongo kidogo tu. Baada ya wiki tatu hivi miche huwa imebanana, nami huanza kuipunguza kwa kung'oa ile iliyosongamana, na huo ndio mchuzi wa kwanza. Inayobaki hupata nafasi ya kunenepa. Ukiikata vilele badala ya kuing'oa, huchipua matawi ubavuni, na tuta moja likakulisha kwa muda mrefu. Halafu kuna vile vitu ambavyo hutaki kununua fungu zima: kotmiri ya kutia kwenye kachumbari, pilipili mbili, majani machache ya mrehani. Kuvichuma kwa kadiri ya chungu cha siku hiyo ni starehe ambayo soko halina namna ya kukuuzia.

Hata hivyo raha yenyewe uliyoniuliza haiko katika kula. Iko katika kutazama. Bustani inakutaka uitazame kila siku, na kila siku inakuwa na jambo jipya ambalo jana halikuwepo. Chukua bamia. Ua lake hufunguka asubuhi, la manjano hafifu kama siagi, na ndani kabisa lina doa la zambarau iliyokolea. Kufikia jioni limejikunja na kunyauka, na halifunguki tena. Mahali pale pale hutokeza bamia changa, na ndani ya siku nne hadi sita huwa imefikia urefu wa kidole na kuwa tayari kuchumwa. Ukiichelewesha kidogo tu, inakuwa na nyuzi, kisu kinagoma, na haifai tena ila kuachwa ikauke kwa ajili ya mbegu. Asiyetembea kati ya mabamia yake kila asubuhi hukosa ua, kisha akakosa na bamia yenyewe. Mimi siamki alfajiri kwa sababu kazi ni nyingi. Naamka kwa sababu mambo mazuri ya bustani hutokea saa hizo.

Maboga nayo yana somo lake. Mtambaa wake huanza kwa kutoa maua ambayo hayazai, na wengi hudhani mmea umeharibika wakaung'oa. Hayo ni maua ya kiume, yenye kikonyo kirefu chembamba. Maua ya kike hufuata baadaye, nayo utayajua kwa kuwa chini ya kila moja kuna kiboga kidogo cha duara kilichokwisha kuumbika. Yote hufunguka kukipambazuka na kufumba kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nyuki wana muda mfupi wa kuhamisha ule unga wa manjano kutoka kwenye dume kwenda kwenye jike. Mtaa ukiwa na nyuki wachache, kiboga hugeuka manjano na kuanguka. Dawa yake ni kuchuma ua dume asubuhi, kulibandua petali zake, na kuligusisha taratibu katikati ya ua jike. Ukifanya hivyo, uje uone namna kiboga kile kinavyoanza kuvimba baada ya siku chache, utaelewa kwa nini sikubaliani na wanaotenganisha maua na mboga. Bamia, boga, ngogwe, pilipili, kunde, vyote vilianza kwa ua. Na mdudu anayevutwa na asumini au mrehani wako uliochanua ndiye huyo huyo atakayepita kwenye mboga.

Mkwe wangu akisema kwamba maua hayaliwi, mkumbushe kuwa watu wa pwani hatujawahi kuishi bila hayo. Kikuba alichovaa bibi yako kifuani siku ya harusi yako kilikuwa na mrehani, asumini, mkadi na langilangi, na mrehani na asumini zilitoka katika uwanja huu huu. Asumini ina saa zake. Vitumba vyake hunenepa na kuwa vyeupe mchana, na hufunguka giza likiingia, basi anayetaka kuzitunga huzichuma alasiri zikiwa bado zimefumba, ili zifungukie nguoni au kitandani. Hutaki mti mkubwa: kipandikizi kimoja kilichoshika mizizi, mahali penye jua la kutosha, na mkono usioogopa kukipogoa, kwa kuwa asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Langilangi waachie wenye viwanja vikubwa. Ni mti unaokwenda juu sana, na harufu yake inatosha kuwafikia majirani hata usiku usio na upepo.

Wapo pia wanaodhani kwamba ua la kwenye chungu dirishani ni tabia ya kigeni. Nina chungu kimoja barazani, kivulini, chenye majani manene yenye vinyweleo na maua madogo ya zambarau. Mmea huo ni wa kwetu. Asili yake ni miamba yenye unyevu ya Usambara na sehemu za mwambao huu wa Tanga. Mwaka 1892, katika zama za Wajerumani, ofisa wao aliyekuwa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akaupa jina la Saintpaulia. Leo hupandwa madirishani Ulaya nzima na Marekani, ilhali huko msituni unazidi kuadimika, ndiyo maana nakusihi usinunue ule ambao mtu ameung'oa porini. Wangu ulianza na jani moja tu nililopewa na jirani. Nililichomeka kikonyo chake kwenye mchanga wenye unyevu, nikasubiri, na miche midogo ikatokeza pembeni. Maji huwekwa kwenye udongo, kwani yakigusa majani huacha madoa.

Sikufichi kwamba kuna taabu. Udongo wa pwani ni kichanga, maji hupita bila kusimama, na katika miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, mmea unaweza kulala chini kabla ya saa sita. Tiba yake ni mboji. Maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, majani makavu na samadi ya kuku iliyokwisha kuoza, ukivirundika kivulini na kuvigeuza mara kwa mara, baada ya miezi michache unapata udongo mweusi unaohifadhi maji, na juu yake unaweka matandazo ya nyasi kavu. Vidukari huwaondoa kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyotiwa sabuni kidogo. Lakini nyanya usianze nazo. Tangu mwaka 2014 tumevamiwa na kantangaze, mdudu ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Kiwavi chake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya nyanya yenyewe, na humkatisha tamaa hata mkulima mzoefu. Anza na vinavyokupenda: mchicha, matembele, bamia, ngogwe na pilipili.

Kwa hiyo, mwanangu, mwambie fundi asakafie njia ya kutoka jikoni na mahali pa kufulia, hapo namkubalia kabisa, maana tope ni adha. Sehemu iliyobaki aiache udongo. Kabla hajaanza, toka nje asubuhi, adhuhuri na alasiri uangalie jua linapiga wapi na kivuli cha ukuta kinaishia wapi, kwa sababu mboga za majani na bamia zinataka jua la karibu siku nzima, ilhali mrehani na kotmiri zitakushukuru kwa kivuli kidogo cha mchana. Mwambie pia asimwage mabaki ya saruji hapo, kwani yatakuharibia udongo, na mtaro wa maji ya mvua auelekeze pembeni ya matuta, la sivyo masika yatazoa mbegu zote. Wajukuu wangu wape tuta lao wenyewe, hata likiwa dogo, wapande kunde, kwa kuwa mbegu yake ni kubwa, inashikika vizuri na vidole vya mtoto, na huchomoza baada ya siku chache tu, kabla hawajachoka kusubiri.

Marando ya matembele usinunue. Nitayakata hapa, niyafunge katika gunia lililoloweshwa, niyatume kwa basi. Yakifika yaweke kivulini, uyapande jioni hiyo hiyo kwa kuyalaza, macho mawili au matatu, yaani pale majani yanapochipukia, yakiwa chini ya udongo, na uyamwagilie kila siku hadi utakapoona jani jipya. Pamoja nayo nitaweka vipandikizi vya asumini vilivyokwisha kushika mizizi.

Msalimie mkwe wangu na uwabusu watoto.

Mimi mama yako,
Tanga