Anza na Bahasha

Alhamisi iliyopita nilisimama kwenye kaunta ya benki dakika nne. Nilizihesabu. Keshia alichukua kitambulisho changu, akakitazama, akanitazama, akasema, "Weka sahihi hapa, dada." Basi. Hakuita meneja, na kwenye foleni hakuna aliyegeuza shingo. Nilipotoka nje miguu iliniishia nguvu, nikajiegemeza kwenye mwarobaini, mpaka muuza miwa akaniuliza kama nimeibiwa.

Jioni yake niliandika habari hiyo kwa mistari mitatu tu. Kufika asubuhi nina ujumbe wa msomaji wa Malindi, mwenye miaka 22, aliyezaliwa akaandikwa mvulana kama mimi na ambaye, kama mimi, hajawahi kuwa mvulana. Aliuliza swali moja: "Dada, mimi nianzie wapi?"

Nakujibu mbele ya watu, mdogo wangu, kwa kuwa najua wenye swali lako ni wengi na wanaogopa kuliandika. Anza na makaratasi. Usianze kwa kumweleza shangazi, wala imamu, wala wale wa darasa lenu la zamani. Mimi nilianza na watu, na nilipoteza miaka.

Mwaka 2017 niliitwa intavyu na kampuni moja ya mizigo hapa Mombasa. Nilikuwa nimesuka twende kilioni, nimevaa blauzi nyeupe ya kuazima, na kichwani nimepanga majibu yote ya forodha na hesabu. Mezani walikaa watu watatu. Wa kwanza alifungua faili yangu, akasoma jina la kiume kwenye cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, akaangalia nyuma yangu mlangoni. "Mwenye cheti yuko wapi? Umemletea kaka yako makaratasi?" Nikamwambia ndiye mimi. Kimya. Cheti kikahama kwa wa pili, kikahama kwa wa tatu, kama picha ya harusi inayopita mkono kwa mkono. Aliyecheka alikuwa yule mama, mtu mzima wa umri wa mama yangu, na hakucheka kwa ubaya, alishikwa tu na kicheko akashindwa kukizuia. Kile kicheko ndicho ninachokisikia hadi leo. Wale wanaume wawili nimeshasahau nyuso zao. Hakuna hata mmoja aliyetazama A ya hesabu iliyokuwa palepale chini ya jina.

Wakasema watanipigia simu. Nilishuka hadi feri ya Likoni, nikavuka, na nilipofika ng'ambo sikutoka. Nikarudi nayo. Nikavuka tena. Sikutaka mama anione usoni kabla kiza hakijaingia.

Sasa, kosa langu lilikuwa nini? Nilikwenda na cheti kitupu. Wakati ule nilidhani ukweli unatosha. Na ajabu ni kwamba miaka mitatu kabla ya siku ile mwanamke mwingine alikuwa ameshapigana vita hiyo hiyo mahakamani na kushinda. Audrey Mbugua alilishtaki Baraza la Mitihani, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru cheti chake kitolewe upya kwa jina lake, bila alama ya jinsia. Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa bize kujieleza kwa mashangazi.

Kwa hiyo, bahasha. Nunua ile ya kaki yenye kamba. Humo weka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha zamani, vyeti vya shule, kopi tatu tatu za kila kimoja. Kisha tafuta wakili. Mpigie simu kwanza, umwambie jambo lako lote kabla ya kupanda matatu. Akikaa kimya mno, au akianza kukuuliza habari za chupi, kata simu utafute mwingine. Wa tatu wangu alisema tu, "Jina jipya unaliandikaje?" Huyo ndiye.

Wakili ataandaa hati ya kubadili jina, na mtu anayekufahamu ataapa kwamba anakujua na kwamba wewe ndiye. Hati itasajiliwa Nairobi, kisha jina litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya hapo ndipo unaomba kitambulisho kipya. Kagua kila herufi kabla ya kutia sahihi. Yangu ilirudi imekosewa herufi moja nikaanza upya, na miezi iliyofuata sitaisimulia, ni foleni na vumbi. Kopi, nasema tena, tatu tatu. Na hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, itembee nawe kama pumzi.

Nisikudanganye: jina litabadilika, lakini sehemu ya jinsia bado inasema mwanamume. Hata kitambulisho nilichompa keshia Alhamisi kinasema hivyo. Ama keshia hakusoma, ama alisoma akaamua kazi yake ni sahihi na pesa. Namwombea heri kwa yote mawili. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliitaka serikali ilete sheria ya kuwalinda watu kama sisi, na mimi nimeishi Kenya muda wa kutosha kujua umbali uliopo kati ya hukumu na kaunta.

Kuna watakaokuambia jitenge na mashoga ili ukubalike haraka. Nilijaribu. Nilikuwa mwepesi wa kusema "mimi si kama wale," na naona haya. Kwanza neno lenyewe huku pwani ni letu, mama na jirani yake wameitana shoga tangu nikiwa mtoto, wakigawana mbaazi ukutani. Pili, anayekurushia jiwe hasomi tofauti. Tarehe 24 Mei 2019 nilikuwa saluni mahakama ilipokataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vile vinavyotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, vyenye kifungo cha hadi miaka 14. Binyavanga Wainaina, yule mwandishi wetu aliyejitangaza hadharani kuwa shoga, alikuwa amefariki siku tatu kabla. Redio ilisoma habari, wateja wakapiga makofi, na msusi wangu, kijana ambaye naijua siri yake naye anaijua yangu, aliendelea kunisuka bila kusema neno. Vidole vyake vilikuwa baridi. Tangu siku hiyo sijasema tena "si kama wale."

Na Februari 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba kuwanyima mashoga na wasagaji haki ya kusajili shirika lao ni ubaguzi, niliyefurahi zaidi mtaani kwetu nilikuwa mimi, kimyakimya, jikoni, nikikaanga samaki. Wiki zilizofuata matusi barabarani yaliongezeka. Nilizipita kichwa juu. Nilikuwa na kitambulisho kwenye mkoba.

Ndugu, jamaa na marafiki mnaosoma mkiwa mmejificha, na ninyi nina neno nanyi. Hamna haja ya kunielewa. Mimi sielewi umeme unavyofika kwenye taa, nawasha tu. Mtu akikwambia jina lake, mwite. Kiswahili chenyewe hakina ugomvi na mtu: yeye ni yeye, mwana ni mwana, ndugu ni ndugu. Ukali wote mnautoa wapi? Mnamfukuza mtoto usiku wa saa nne kwa ajili ya majirani ambao mkifiwa mtakwenda kuwagongea mlango na wao wamelala. Katiba ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima ya asili na haki ya heshima hiyo kulindwa. Kila mtu. Someni tena mkitaka, haikuandikwa "kila mtu isipokuwa mtoto wa fulani."

Mama yangu hakunifukuza, na sitaki nimpambe pia. Alichofanya ni kuacha kuniita jina. Miaka sita mizima nilikuwa "mwanangu" tu: mwanangu njoo ule, mwanangu lete ndoo. La zamani hakutaka kuniumiza nalo, jipya lilimkwama kooni. Dada zangu walikuwa na majina, mimi nilikuwa na cheo.

Jumamosi nilimpelekea habari ya benki. Alikuwa akisukuma mahamri, akaniuliza kama makato ni mengi. Nikamwambia ya kawaida. Akanawa unga, akaingia chumbani, akatoka na ule mkebe wa biskuti anaohifadhia makaratasi ya nyumba: hati ya kiwanja, leseni ya udereva ya kaka, kibali cha mazishi ya bibi, kopi za vitambulisho vyetu sote.

"Kopi yako iko wapi? Za wenzako zote zimo."

Nilikuwa nazo tatu kwenye bahasha. Nikampa moja. Akaisogeza mbali na macho, kwa vile miwani hakuwa nayo, akalisoma jina kwa sauti, taratibu, silabi kwa silabi, kama mtu anayesoma jina la kituo akiwa ndani ya basi. Akaiweka juu ya ile ya zamani, akafunika mkebe. Ya zamani hakuitoa. Nami sikumwomba.