Kuomba chuo Marekani bila makaratasi: soma kabla ya kujaza fomu

Kupokelewa chuoni, kulipiwa ada na kuhalalisha makazi ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina sheria yake. Ukiyachanganya utakata tamaa mapema, au utajaza kitu kitakachokufuata maisha.

Kupokelewa ndiko kwepesi zaidi. Hakuna sheria ya shirikisho inayokizuia chuo kukuchukua; vizuizi hutoka majimboni, na South Carolina na Alabama ndizo kali zaidi kwa vyuo vya umma. Usitegemee hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya 1982, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa watoto wasio na makaratasi haki ya kusoma shule za umma, maana kinga yake huishia sekondari.

Ada ndipo wengi wanapokwama. California, chini ya sheria AB 540, hawaangalii uraia wako ili ulipe ada ya mkazi, yaani ada nafuu ya wakazi wa jimbo. Kwa kawaida wanaangalia kama umesoma sekondari ya jimbo hilo miaka mitatu na kuhitimu, kisha unatia saini hati ya kiapo kwamba utaomba uhalali pindi ukistahili. Hati hiyo uipeleke mwenyewe. Ajabu ni kwamba mwenye viza ya utalii iliyo hai hanufaiki, ila aliyepitisha muda wake anaweza. Majimbo hubadilika pia: Texas ilitangulia wote mwaka 2001, lakini amri ya mahakama ya Juni 2025 ikasimamisha utaratibu wake. Uliza mwaka huu, usitegemee alichofanya kaka yako.

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo wa serikali ya shirikisho, achana nayo. Ni ya raia, wenye kadi ya kijani na makundi machache, na hata mwenye DACA (kinga ya muda dhidi ya kufukuzwa kwa waliofika wakiwa watoto) hapati fedha za shirikisho. California wana fomu yao ya jimbo, itafute hiyo.

Sasa fomu yenyewe. Huna namba ya hifadhi ya jamii? Acha wazi. Usiweke ITIN (namba ya kulipia kodi) mahali pake, wala usiazime namba ya mtu. Na popote panapouliza uraia, usiweke alama kwenye "raia wa Marekani", hata kama karani anakuharakisha. Kudai uraia kwa uongo hukufungia mlango wa kadi ya kijani moja kwa moja, isipokuwa kwa nadra sana, na kuoa au kuolewa na raia hakufuti kosa hilo. Mitego ya kawaida ni fomu ya I-9 ya ajira na zile karatasi za kujiandikisha kupiga kura zinazogawiwa uani chuoni. Zirudishe kwa upole.

Kabla ya kuchagua uuguzi au ualimu, uliza bodi ya leseni ya jimbo inataka nini. Shahada bila leseni haikufikishi wodini.

Safari ya masomo nje ya nchi ikatae mpaka mwanasheria aseme. Ukiondoka baada ya kukaa bila uhalali zaidi ya siku 180 tangu utimize miaka 18, unazuiwa kurudi miaka 3. Ukizidisha mwaka, ni 10.

Mwanasheria huyo awe wa uhamiaji. Mthibitishaji wa hati, kwa Marekani, si wakili. Muone ukiwa bado sekondari. Ulinzi wa vijana waliotelekezwa au kudhulumiwa na mzazi huombwa kabla ya miaka 21, na majimbo mengi mahakama hukoma kutoa amri inayohitajika ukifika 18.