Vitufe Vimehamia Wapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Excel Mpya

*Chama chetu kimekuwa kikiweka michango kwenye Excel 2003 miaka yote. Sasa tuna laptopu yenye Excel mpya, na sioni menyu ya Window wala Tools. Nitagandishaje mstari wa miezi usipotee ninaposhuka chini?*
Mweka hazina wa chama, Kawangware

Menyu hizo ziliondolewa katika toleo la 2007. Mahali pake pakaja utepe, ule ukanda mpana wa vitufe uliogawanywa kwa vichupo: Home, Insert, Page Layout, Formulas, Data, Review na View. Amri zako karibu zote bado zipo, ila zimepangwa upya kufuata kazi. Kugandisha kuko View, kitufe cha "Freeze Panes". Kuhakiki ukurasa kabla ya kuchapisha sasa ni Ctrl+P. Yaliyokuwa Tools, kisha Options, yako chini ya File.

Kabla ya kubonyeza Freeze Panes, angalia umesimama seli gani, maana hapo ndipo wengi hukosea. Excel hugandisha mistari iliyo juu ya seli hiyo na safu zilizo kushoto kwake. Ikiwa miezi iko mstari wa 1 na majina ya wanachama yako safu ya A, simama B2. Ukisimama A1, itagandisha katikati ya skrini na nusu ya shiti haitasogea. Tena rudi juu kabisa kwanza kwa Ctrl+Home, ndipo usimame B2. Ukigandisha huku mstari wa 1 hadi wa 10 umeshapanda ukatoka kwenye skrini, mistari hiyo haitafikika kwa kushuka wala kupanda mpaka uondoe ugandishaji. Mwanachama ambaye mchango wake uko mstari wa 6 atadhani umemfuta.

Vidole vyako navyo havijapitwa na wakati. Njia nyingi za kibodi za menyu za zamani bado zinafanya kazi: Alt, kisha E, kisha S hufungua Paste Special, dirisha la kuchagua namna ya kubandika, kama zamani. Bonyeza kimoja baada ya kingine, si vyote kwa pamoja.

*Excel ya ofisi ilijisasisha yenyewe, na ule upau mdogo wa juu wenye vitufe nilivyovichagua haupo tena. Kuna namna ya kuurudisha?*
Karani wa SACCO, Umoja

Ipo. Tangu sura mpya iliyoanza kusambazwa mwaka 2021, upau huo huweza kuja ukiwa umefichwa. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kitufe chochote cha utepe, uchague "Show Quick Access Toolbar". Kama uliwahi kuupanga, vitufe vyako mara nyingi utavikuta humo humo. Ukikosa kitufe cha kutengua kosa pale juu, kitafute upande wa kushoto kabisa wa kichupo cha Home, au uendelee na Ctrl+Z.

Kwa maoni yetu, upau huu mdogo una faida kuliko utepe mzima, kwa hiyo upange kwa makini. Kuongeza kitufe, kibofye kwa kulia kwenye utepe na uchague "Add to Quick Access Toolbar". Ambavyo havipo kwenye utepe viko File, Options, Quick Access Toolbar; kwenye orodha ya juu chagua "Commands Not in the Ribbon".

Mpangilio una maana. Kitufe cha kwanza kushoto hupata Alt+1, cha pili Alt+2, hadi Alt+9. Cha kwanza kiwe kile cha kubandika thamani bila fomula, kwa sababu karani hukitumia siku nzima: unanakili jumla ya mikopo, unabonyeza Alt+1, na namba inabaki namba hata shiti ya asili ikifutwa. Kinachofuata kiwe cha kuondoa kichujio, halafu Freeze Panes. Ukizidisha tisa, vinavyofuata vinahitaji kubonyezwa tarakimu mbili, na hapo kasi imekwisha.

Ukimaliza, rudi kwenye dirisha lile la Options, Quick Access Toolbar, bonyeza "Import/Export" na uhifadhi faili kwenye flashi. Kompyuta ikibadilishwa, unaipakia tu. Lakini usimpakie mwenzako kabla ya kumuuliza: faili hiyo hufuta mpangilio wake wote na kuweka wako.

*Utepe umejikunja, yamebaki majina ya vichupo tu.*
Mwenye saiba, Kayole

Mteja amebofya jina la kichupo mara mbili. Bofya mara mbili tena, au Ctrl+F1. Kwenye laptopu ambazo F1 imepewa kazi ya sauti au mwanga, ongeza Fn.

Na kama mteja anasema kitufe alichoelekezwa kwa simu hakipo, tazama upana wa skrini. Dirisha likiwa jembamba, Excel hukunja kundi zima la vitufe kuwa ikoni moja yenye mshale. Kitufe kiko ndani ya mshale huo.

*Nikifungua fomu ya Excel ya PAYE (kodi ya mishahara) kutoka iTax, tovuti ya kodi ya KRA, ukanda mwekundu wa onyo unatokea juu ya shiti na kitufe cha kuhakiki hakifanyi kazi. Zamani ulikuwa wa manjano, nabonyeza naendelea.*
Mhasibu, Industrial Area

Rangi hizo ni mambo mawili tofauti. Wa manjano una "Enable Content". Mwekundu hauna, kwani tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili, zinazoendesha vitufe kama hicho cha kuhakiki. Funga faili. Ibofye kwa kulia ilipohifadhiwa, chagua Properties, na chini ya kichupo cha General tia alama kwenye "Unblock", kisha OK. Ikiwa imekuja ndani ya zip, ondoa kizuizi kwenye zip yenyewe kabla ya kuifungua.

Fanya hivyo kwa fomu uliyoipakua mwenyewe kwenye iTax, si iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni jioni ya tarehe 9, siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE.

*Shuleni tuna LibreOffice. Mtu ameigeuza ikafanana na Excel, nasi tunataka menyu zetu.*
Mwalimu, Dagoretti

Nenda kichupo cha View, kisha "User Interface", na uchague "Standard Toolbar". Kugandisha huko kuko kwenye menyu ya View, na kubandika maalumu (Paste Special) ni Ctrl+Shift+V.