Vijana wa kitalu, thuja ya kijani si thuja yenye mizizi

Kila msimu yanarudi yale yale. Vijana wapya wanaona vipandikizi vya thuja (mti wa uzio wa jamii ya saipresi) bado vibichi wiki ya tano, wanavihamishia kwenye viriba, na baada ya mwezi kitanda kizima ni kahawia. Wadogo zangu, tusikilizane.

1. Chukua matawi ya pembeni ya mti mama mzima, sentimita 10 hadi 15, yaliyoanza kukomaa chini. Vuta kila tawi kuelekea chini libanduke na kisigino chake, yaani kipande kidogo cha gome la tawi lilipoota.

2. Toa majani theluthi ya chini, chovya kwenye unga wa homoni ya kuotesha mizizi (iitwayo IBA, asilimia 0.3 hadi 0.8), kung'uta. Toboa shimo kwa kijiti kwanza. Ukichomeka moja kwa moja, unga wote unabaki juu ya mchanga.

3. Kwenye trei weka mchanga wa mto wenye chembe kubwa, nusu kwa nusu na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi). Samadi hapana. Funika kwa nailoni, chini ya neti ya kivuli.

4. Subira, na hapa ndipo mnapotuumiza roho. Jani la thuja ni vigamba vidogo vyenye nta, hupoteza maji polepole sana. Kwa hiyo tawi lililokatwa linaweza kukaa kijani wiki nyingi bila mzizi hata mmoja. Kwanza hutokea uvimbe mweupe kwenye kisigino, na uvimbe huo si mzizi! Mizizi yenyewe huchukua miezi 2 hadi 4, na kwenye baridi ya Limuru au Lushoto huweza kuzidi. Halafu mnang'oa "kuangalia tu": mzizi mchanga unakatika, kidonda kinaingiza ukungu, kipandikizi kinaoza. Usivute. Ngoja ncha mpya zichipue, kisha chungulia matundu ya chini ya trei. Mizizi ikionekana hapo, anza kufungua nailoni kidogo kidogo kwa wiki 2, ndipo uhamishe.

5. Ukipogoa uzio wa thuja uliokwisha kukua, ishia kwenye kijani. Ukiingia kwenye kuni tupu hapachipui tena, na mteja atalitazama pengo hilo miaka. Uzio ukikauka kuanzia ndani, fungua matawi utafute vidukari vya saipresi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wale walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya 1990; thuja nayo wanaifyonza. Utaona majimaji yanayonata wanayoyatoa na ukungu mweusi kama masizi. Wanakaa kwenye matawi ya ndani, kwa hiyo dawa ikipigwa juu juu haiwafikii.