Fanfari ya vijana: tarumbeta zisubiri kwanza

Mwalimu, umeuliza kama vijana 20 wa Kadutu, hapa Bukavu, wasiojua hata noti moja ya muziki wanaweza kuwa fanfari (bendi ya tarumbeta na ngoma), na kama ununue tarumbeta kwanza. Zisubiri! Mimi nilianza nazo: wiki ya pili nusu ya watoto walikuwa wamevimba midomo, na majirani wakanipigia kelele kuzidi tarumbeta zenyewe.

Anza na ngoma na miguu. Kata vipande vya ubao, ubandike juu mpira wa tairi kuukuu, kila mtoto apate chake na vijiti viwili. Wapige kulia, kushoto, polepole, mpaka mikono yote miwili ilie sawa. Halafu watembee: hatua 120 kwa dakika ndio mwendo wa kawaida wa gwaride, na ngoma kubwa iangukie mguu wa kushoto. Tafuta uwanja tambarare (najua, Bukavu hii ya vilima!).

Tarumbeta zikija, kila mmoja apige noti moja ndefu bila kutunisha mashavu, kisha apumzike kidogo. Ukinunua za mitumba, bonyeza vali (vitufe vya juu) zote tatu kabla ya kulipa. Moja ikikwama, mwachie muuzaji mali yake.