Mwaminifu wa nini? Uliza hilo kabla hujasema ndio

Kuna binti wa Makorora, hapa hapa Tanga, kanitumia meseji juzi, anachumbiwa, anauliza "dada nitajuaje kama huyu kaka ni mwaminifu, maana simu yake kanipa, namba ya siri kanipa, nimepekua sijaona mwanamke yeyote mule". Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana mume wangu wa kwanza nae simu yake ilikua wazi mezani siku zote.

Yule baba kwa habari ya wanawake alikua msafi, sina la kumzulia. Mtaani kwetu Ngamiani wote walikua wananambia we umepata, mumeo mwaminifu, akitoka kazini nyumbani, akitoka nyumbani msikitini, hata kwenye baraza ya kahawa hakai sana. Mawifi zangu walikua wanamringia kaka yao utafikiri wamemfinyanga wenyewe. Sasa huyo huyo mwaminifu alichukua bangili zangu za mahari, dhahabu, alizonivisha mbele za watu, akazitoa kabatini akaenda kuziweka rehani bila kunambia, hela akaitia kwenye biashara ya machungwa ya Muheza na rafiki zake, machungwa yakaozea njiani na rafiki nao wakayeyuka. Mie nakuja kujua siku ya harusi ya mdogo wangu, nataka kuvaa, nafungua kiboksi kitupu. Nikamuuliza. Akanijibu eti "kwani nimehonga mwanamke?"

Jibu lile linanikera mpaka leo, na nimeshaolewa kwingine nina raha zangu. Yani kichwani mwake uaminifu ni kitanda tu, kama hajalala na mtu basi hadaiwi na mtu. Na wala sio yeye peke yake, nilivopeleka shauri kwa wazee nao swali lao la kwanza lilikua kuna mwanamke? Hakuna? Basi vumilia mama, mume kama huyo siku hizi hapatikani. Nikavumilia nikachoka nikaondoka.

Mie kazi yangu cherehani, na cherehani ndo imenifundisha haya mambo kuliko ndoa. Mteja akikuletea kitenge pisi nzima yadi sita, gauni likala nne, zile mbili zilobaki ni zake, hata kama hajui kuhesabu yadi na hataulizia. Mafundi wangapi mabaki ya watu ndo foronya za kwao na nguo za watoto wao! Mie nakunja naweka kwenye mfuko pamoja na nguo yake. Na mtu akichagua mshono kwenye picha nashona ule ule, sio nimbadilishie shingo kwa vile mie napenda nyingine halafu nimwambie umependeza. Na ile "njoo kesho" ya sikukuu kwangu haipo, daftari likijaa Ramadhani haijafika kati sipokei kazi tena, hata shangazi namrudisha na kitambaa chake. Ndo maana kina mama wanatoka Chumbageni wanapita mafundi kibao wanakuja kwangu, na ndio najisifu, sijaokota hilo jina barabarani.

Halafu wote tumesoma madrasa jamani, hadithi ya alama za mnafiki tuliikariri, ni tatu: akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya khiyana. Wanawake hawajatajwa pale. (Zinaa ina dhambi yake kubwa tu, msije mkaninukuu vibaya.) Na Mtume s.a.w. Makka walimwita Al-Amin kabla hata ya utume, na alipohama mwaka 622 watu wa Makka waliokua wanampinga bado walikua na amana zao kwake, akamwacha Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe. Za watu wanaotaka kumuua! Sasa wewe mali ya mkeo unaifanya yako kwa sababu tu mnalala chumba kimoja, utasema nini siku ya kuulizwa?

Kwaio mdogo wangu wa Makorora achana na simu, simu inafutwa. Mwagize kitu soko la Mgandini, mpe elfu kumi uone chenji inarudi bila kudaiwa au inarudi na maelezo. Akisema nakuja saa kumi anakuja, au akikwama anapiga? Akiazima baiskeli ya mtu hurudisha mwenyewe au mpaka mwenye nayo aje? Siri za rafiki zake anakuhadithia? Ukiona anakuhadithia usifurahi ukasema ananiamini, na wewe zamu yako ipo. Michango ya msiba ikikaa mkononi mwake, daftari liko wapi? Mwanaume anayetunza cha watu wakati hakuna anayemchungulia, huyo hata ya wanawake yanakua mepesi kwake, ndo ninavoona mie.

Na usiogope kuuliza hesabu. Kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, hakuna anayenuna akasema hamniamini. Ila ndani ya ndoa mke akiuliza hela imeenda wapi anaambiwa hana heshima, wapi na wapi!

Na sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inamruhusu mke au mume kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzie, hiyo ya ugoni vijiweni wanaijua vizuri sana. Ila sheria hiyo hiyo kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali, chako kinabaki chako, na cha 59 kinakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzie. Hicho cha 58 hakuna mzee alonitajia, nimekuja kukijua nishaachika.

Dhahabu ukivishwa omba risiti ya sonara yenye uzito na jina lako, piga picha, karatasi yenyewe kamwachie mama au dada yako mkubwa, sio kwenye kabati la chumbani kwenu. Akiuliza kwanini, mwambie ndo utaratibu wa kwenu.