Aliyelelewa na bibi aandike nani?

Swali la wiki hii: kijana wa Wete anaomba vyuo vya Marekani. Wazazi wameachana, kalelewa na bibi. Kwenye sehemu ya familia aandike nani?

Aandike baba na mama. Common App, fomu inayopokewa na vyuo vingi vya huko, ikisema mzazi inakusudia mzazi wa kisheria, na bibi hawi mlezi wa kisheria kwa kulea tu. Hapo pana kazi ya mahkama. Bibi ana swali lake: unaishi na nani? Chagua "mwengine", umtaje. Baba asiyejulikana alipo usimwandike marehemu. Fomu ina chaguo la kusema kuwa habari zake unazo chache.

Hali ya ndoa inayoulizwa ni ya wazazi wako wao kwa wao. Baba akiongeza mke na mama bado yumo ndoani, jibu ni wameoana. Watoto wa mke mwenza ni ndugu wa baba mmoja, waandikwe hivyo. Watoto wa ami, hata mkila sinia moja, hapa hawahesabiwi.

Taabu kubwa ni majina. Wengi wetu hatutumii jina la ukoo. Salma Juma Khamis ni binti wa Juma Khamis Ali na Asha Makame Haji: watu watatu, majina matatu ya mwisho, na msomaji wa mbali anaweza kuona hawahusiani. Tafadhali usimbadilishe baba awe "Khamis" ili mfanane. Cheti cha kuzaliwa kitakukana, na wakati wa viza ndio utakapohangaika. Andika kama pasipoti na cheti vinavyosema, kisha kwenye maelezo ya ziada eleza kwa sentensi mbili: jina la pili ni la baba, la tatu ni la babu.

Msaada wa fedha una fomu yake, na vyuo vingi binafsi hutaka ile iitwayo CSS Profile. Humo hesabu ya watu wa nyumbani ni nyengine: mtoto wa ami anaingia, ikiwa zaidi ya nusu ya matumizi yake yanatoka kwa wazazi wako. Kipato ni cha mwaka. Mshahara wa 500,000 kwa mwezi ni 6,000,000, na hakikisha sarafu uliyochagua ni shilingi. Ukiacha dola, umekuwa tajiri na msaada umekwenda. Karafuu andika za mwaka ulioulizwa, hata kama msimu ulikuwa mbovu, na risiti za ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, ziwekwe. Mwani wa mama nao ni kipato, usiudharau.

Baadhi ya vyuo hutaka pia taarifa za mzazi mliyetengana naye. Kama baba hana mawasiliano wala hatoi matunzo, omba chuo kikuondolee sharti hilo. Ombi hutiwa nguvu na barua ya mtu asiye jamaa anayeijua hali ya nyumbani, kama mwalimu wa skuli au sheha. Hati ya talaka iambatane na tarjama ya Kiingereza. Chuo kitaamua chenyewe, na kila chuo kina utaratibu wake, kwa hiyo barua hizo zitafutwe kabla fomu haijaanza kujazwa.